Safari ya Karema, Kwa Bibi

Wasomaji wengi wa upande wa magharibi wamekwisha kusikia jina la Karema, maana ndipo walipobatizwa wazee wao. Walio mbali hawalijui, au wamelisikia siku hizi tu kwa ajili ya bandari mpya. Mimi nililijua tangu utoto kwa jina jingine. Nyumbani kwetu tulisema "kwa Bibi", wala hapakuwa na haja ya kueleza zaidi.

Tangu Bibi alipofariki mwaka 2011 nilikuwa sijakanyaga huko tena. Sababu yake si nzuri. Ni uvivu, na nauli, na ile desturi ya kusema "mwaka ujao". Basi mwishoni mwa Oktoba Mjomba wangu mdogo akanipigia simu. Yeye huniita Mjomba kama mimi nimwitavyo, tena si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Mjomba, njoo siku ya Marehemu. Tunataka kuweka misalaba ya saruji. Tena kuna maneno." Nikamwuliza, maneno gani? Akajibu, "Ya kiwanja. Njoo tu."

Mimi nakaa karibu na Kaliua, kwa hiyo njia yangu ni garimoshi litokalo Tabora kwenda Mpanda. Reli hiyo ilifika Mpanda mwaka 1950, wakati wa Waingereza, kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko. Machimbo yale yalifungwa zamani, reli ikabaki, na watu wa huku wakaifanya kuwa yao. Garimoshi haliendi upesi. Linapita katika miombo saa baada ya saa, linavuka mto Ugalla, na kila stesheni akina mama na watoto wanakuja madirishani na asali katika chupa, na karanga, na kuku waliofungwa miguu. Aliyezoea basi la lami atanung'unika. Mimi nilinunua asali, nikakaa kimya nikiangalia miti.

Kabla ya kufika Mpanda kuna Katumba. Asiyejua ataona mashamba ya mahindi na muhogo na nyumba za matofali, kama vijiji vingine. Lakini huko ndiko walikopelekwa Warundi wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wakalima, wakazaa, wakazika, na katika mwaka 2014 Serikali ikawapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Katika behewa letu alikuwamo mzee mmoja wa huko aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Alipokuwa akikusanya mizigo yake ashuke akasema, kama mtu asemaye na nafsi yake, "Sasa hata nikifa, nitakuwa nimezikwa kwetu." Sikujua kwamba neno hili litanifuata mpaka Karema.

Mpanda nililala kwa dada yangu, ambaye ndiye anayemtunza Mama. Mama alizaliwa mwaka 1948, na sasa ndiye mkubwa katika watoto wa Bibi waliobaki. Magoti yamechoka, lakini aliposikia habari ya safari alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake na rozari na dawa zake katika kikapu. Tulinunua mifuko mitatu ya saruji na kopo la rangi nyeusi, tukapanda basi dogo asubuhi.

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilometa 100. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mahali pawili wanaume tulishuka tukasukuma. Mama hakushuka. Alisema yeye njia hii aliilipia zamani, alipokuwa akiipita kwa miguu siku nne na mzigo kichwani, na kwamba zamu hii ni yetu. Saa ya alasiri basi likapanda kilima cha mwisho, na ghafula tukaliona ziwa.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza wanafunzi wangu ziwa Tanganyika, na sijafaulu. Naweza kuwaambia kwamba urefu wake wapita kilometa 650, na kwamba kina chake kinafika karibu mita 1,470, wala duniani hakuna ziwa lenye kina kuzidi hilo ila moja tu. Wataandika katika daftari. Lakini ile rangi ya samawati ya alasiri, na milima ya Kongo iliyokaa ng'ambo kama moshi, na ule upepo unaokupiga usoni una harufu ya dagaa, huo hauandikiki. Mama alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Haya, tumefika kwa Mama." Akasahau kwamba Mama hayupo.

Sasa niseme kidogo habari za Karema yenyewe, maana bila kuzijua hutamwelewa Bibi.

Katika mwaka 1879 Wabelgiji walioongozwa na Kapteni Cambier walijenga hapa boma lao juu ya kilima. Siku zile maji yalikuwa karibu sana. Leo ukisimama kilimani ziwa liko mbali, na katikati kuna nchi kavu. Sababu yake ni mto Lukuga ulio upande wa Kongo, ambao ndio mlango wa ziwa. Mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Ulipopasuka, maji yakaanza kushuka mwaka hata mwaka, yakashuka karibu mita 10 kabla ya karne ile kwisha. Bibi alikuwa akisema kwamba ziwa limetuazima tu ile ardhi, na siku moja litakuja kuidai. Tulimcheka. Lakini tangu mwaka 2020 maji yamepanda tena katika pwani nyingi za ziwa hili, na wenye nyumba za chini hawacheki.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliondoka, boma likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inaendelea katika nchi hizi, na misafara ikipita kutoka ng'ambo kwenda Ujiji na Tabora. Mapadre waliwakomboa watoto kwa nguo na shanga, wakawalea hapa. Walipokua wakaoana, wakapewa mashamba, vijiji vikaota kuzunguka misheni. Kwa hiyo watu wengi wa Karema, ukiwauliza asili yao, watakutajia Wabende na Wafipa na Watabwa, kisha watafika mahali watanyamaza. Hapo waliponyamaza pana mtoto aliyeletwa akiwa hana mtu.

Bibi wa Bibi yetu alikuwa mmoja wa watoto hao. Katika maisha yake yote alikumbuka mambo mawili tu ya kwao, mlima mmoja wenye vichwa viwili, na jina la mbwa wao. Jina la mama yake hakulikumbuka. Jina la mbwa limebaki katika ukoo wetu mpaka leo. Kila mbwa wa nyumba ile huitwa hivyo, na mgeni akiuliza maana yake tunamwambia hatujui, na kweli hatujui.

Na Karema ndipo alipoishi Adriani Atiman. Naye alikuwa mtoto wa kuibwa. Alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger, akakamatwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre katika nchi ya Algeria. Wakampeleka kusomea uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa hapo akitibu na kufundisha dini mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa hapa hapa, na mwanawe mmoja akawa Padre. Hospitali ya Kanisa iliyoko Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Bibi hakuyajua mambo ya Malta. Yeye alimjua Atiman kwa mguu wake wa kushoto.

Alikuwa msichana mdogo, kidonda kikala mguu mpaka mfupa ukaonekana, na waganga wa kijiji wakamwambia mama yake ajitayarishe. Mama yake akambeba mgongoni mpaka kwa Atiman. Mzee yule akamtazama, akamwambia, "Wewe utacheza ngoma kwenye arusi yako." Kisha akakata. Kovu lilikuwa refu kama kiganja, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuligusa siku za sikukuu. Bibi alikuwa akisema kwamba aliumwa mno hata akamng'ata daktari, na daktari hakumpiga. "Kwa hiyo," alisema, "mimi nilimng'ata mtu mkubwa." Alijivunia kung'ata kuliko kupona.

Ndivyo alivyokuwa. Nisimfanye malaika, maana waliomfahamu wanasoma gazeti hili watanicheka. Alikuwa na ulimi mkali. Alinipiga kwa mwiko kwa sababu ya kichwa cha kuhe alichomwekea Babu nikakila, na kwa miaka kumi baadaye kila nilipofika likizo aliniambia mbele ya watu, "Karibu, mume wangu mla vichwa." Alikosana na jirani kwa ajili ya bata, wasisemezane tangu Kwaresima hadi Noeli. Hesabu za fedha alizifanya kwa mawe madogo katika kibuyu, na mchuuzi aliyemdanganya mara moja hakununua tena dagaa kwake.

Kazi yake ilikuwa dagaa na mpunga. Wakati wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi walitoka jioni na karabai zao, na usiku ziwa lilikuwa kama mji wenye taa. Siku hizi ni taa za betri, na mji umekuwa mweupe zaidi. Kabla ya alfajiri Bibi alikuwa ufukoni na beseni. Akinunua, akianika juu ya mchanga safi, akigeuza, akifukuza kunguru na sisi. Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto, maana Babu alikufa mapema, mwaka ule Mjomba mdogo alipoingia darasa la pili. Meli ya Liemba ilipopita, ikisimama mbali majini na mitumbwi kuizunguka, alipeleka magunia yake huko mwenyewe, amekaa juu yake katikati ya mtumbwi, na hajui kuogelea.

Jambo moja zaidi. Bibi alipopakua chakula, alipakua sahani moja kuzidi watu waliokuwapo. Tulipomwuliza ni ya nani, alijibu, "Ya anayekuja." Mara nyingi hakuna aliyekuja, tukaila sisi. Lakini siku nyingine mtu alikuja.

Basi turudi kwenye safari. Mjomba mdogo alitupokea njiani, akamkumbatia Mama, akabeba mifuko miwili ya saruji kwa mara moja, ingawa ana miaka sitini. Yeye ndiye aliyebaki na Bibi. Sisi wengine tulikwenda shule, tukaajiriwa, tukaoa huko tulikokwenda. Yeye alivua, akalima, akaezeka nyumba, na miaka ya mwisho ya Bibi alimbeba mikononi kwenda Misa kama mama yake alivyobebwa kwa Atiman.

Usiku ule nikaelewa "maneno" ni nini. Bandari ya Karema ilikamilika mwaka 2022, kwa ajili ya mizigo ya Kongo, na tangu hapo viwanja vilivyo karibu na barabara vimekuwa dhahabu. Kiwanja cha Bibi kinagusa barabara. Binamu yangu mmoja, mtoto wa Mjomba mkubwa aliyekwisha kufariki, alikuwa amepata mnunuzi. Simtaji jina, wala si mtu mbaya. Ana madeni, na madeni humfanya mtu aseme. Alisema kiwanja kiuzwe, wagawane watoto wa tumbo la Bibi na warithi wao. Na alipoulizwa Mjomba mdogo atakwenda wapi, alijibu kwamba Mjomba mdogo apewe asante, lakini si wa tumbo lile.

Mimi nilikuwa sijapata kusikia neno hili. Nilidhani ni matusi. Nikamtazama Mama, naye akatazama moto.

Asubuhi, siku ya Marehemu, baada ya Misa tulikwenda makaburini na majembe na mifagio. Wa kwetu wamelala mahali pamoja, makaburi matano. Misalaba ya mti imeliwa na mchwa, yamebaki mawe ya kuzunguka. Bibi alitufundisha tukiwa wadogo: huyu ni mama yangu, huyu ni Babu yenu, huyu mdogo ni mwanangu, huyu ni Bibi Mdogo. La tano sasa ni lake. Kila mwaka alitupa mifagio ya majani, na kila mmoja alifagia kaburi moja. Mimi zamu yangu ilikuwa Bibi Mdogo. Nilijua kwamba ni mdogo wake Bibi, kwa sababu ya jina, na sikuuliza zaidi. Mtoto haulizi habari za wafu, hufagia.

Alikuja pale rafiki wa Bibi, kikongwe wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa akifagia ya kwake. Nikamwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo, Bibi. Shikamoo." Akaitikia, "Milele amina. Marahaba, mjukuu." Nikamwuliza ukweli, Bibi Mdogo alikuwa nani? Akainyosha kanga yake, akakaa juu ya jiwe, akanieleza.

Ulikuwa mwaka 1964, mwaka wa vita vya Kongo. Waasi walikuwa wameuteka mji wa Albertville, unaoitwa leo Kalemie, na pwani nzima ya ng'ambo ilikuwa katika hofu. Watu walikimbia kwa mitumbwi usiku. Alfajiri moja wao wawili, yeye na Bibi, walikuwa ufukoni wakingoja dagaa. Ukaja mtumbwi ambao haukuwa na dagaa. Ulikuwa na watu tisa, na kati yao mwanamke mmoja wa Mpala, iliyo ng'ambo ya Karema. Alikuwa na homa kali, na mgongoni mtoto wa kiume ambaye hata kulia alikuwa ameacha. Waliobaki walipata pa kwenda. Yule mwanamke alishindwa kusimama. "Bibi yako aliweka beseni chini," akasema kikongwe, "akamfungua mtoto, akanipa mimi, akamchukua mama mtu begani. Beseni lake liliibwa siku ile, na mpaka anakufa alikuwa akimdhania mtu fulani."

Yule mwanamke aliishi siku nne katika nyumba ya Bibi. Siku ya tano akazikwa hapa, na Bibi akawaambia watu kwamba amemzika mdogo wake. Hakuna aliyebisha. Kikongwe akaniambia, "Karema hatuulizani tumbo. Tukianza, nani atabaki?" Nikamwuliza jina la mwanamke. Akafikiri sana, akasema lilimtoka zamani, kwamba wote walimwita Mdogo tu.

Binamu yangu aliyasikia haya yote, maana alikuwa anakwatua majani hatua tano kutoka pale. Akasema maneno ya kikongwe ni ya kikongwe, twendeni tukaone kitabu cha ubatizo. Nilikasirika, lakini kwa haki alikuwa na haki ya kuomba hivyo.

Paroko alitupokea vizuri. Parokia hii siku hizi ni ya Jimbo la Mpanda, lililoanzishwa mwaka 2000, lakini vitabu vya zamani vimetunzwa. Akafungua kile cha 1964. Vitabu vya siku zile viliandikwa kwa Kilatini, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia, na mwandiko mzuri kuliko wangu. Akashuka na kidole mpaka akasimama. Jina la Mjomba mdogo. Mahali pa baba pana mstari. Mahali pa mama pana jina la mwanamke, wa Mpala, marehemu. Mama wa ubatizo, jina la Bibi yetu.

Kwa hiyo kitabu kilisema kama alivyosema binamu yangu. Hakufurahi, lazima niseme hivyo. Alifunga vifungo vya shati lake ambavyo vilikuwa vimekwisha kufungwa.

Jioni tulikaa chini ya mwembe, ukoo mzima, watu ishirini na kitu. Binamu yangu akaeleza neno lake kwa upole, akataja kitabu. Kisha kukawa kimya. Mjomba mdogo akasema bila kuinuka, "Mimi nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alinipeleka kaburini siku moja kabla ya Komunyo ya kwanza, akaniambia, huyu ndiye aliyekuzaa, mimi ndiye niliyekupokea, ukikosea kufagia kwa mmoja nitakupiga kwa wote wawili. Ninyi ndio mlikuwa hamjui. Ukoo ukisema nitoke, nitatoka. Nyavu zangu si nzito."

Hapo Mama akasema. Mama hasemi barazani, na sauti yake ni ndogo, tukalazimika kusogea.

Alisema kwamba mwaka 1964 yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na kwamba kuna jambo yule kikongwe hakulisema, pengine kwa heshima. Siku kumi na mbili kabla ya mtumbwi ule kufika, Bibi alikuwa amezika mtoto wake wa miezi mitatu, aliyekufa kwa degedege. Ndiye yule wa kaburi dogo. Bibi alikuwa amefungwa kitambaa kifuani ili maziwa yakauke. Yalikuwa bado hayajakauka. Alipofika nyumbani na yule mtoto wa ng'ambo hakusema na mtu. Alifungua kitambaa. "Mimi ndiye niliyekiokota chini nikakifua," Mama alisema. "Mtoto hakuweza kuvuta. Bibi yenu alimkamulia kinywani tone kwa tone, usiku kucha, na yule mama amelala pale anaangalia. Asubuhi mtoto akavuta. Yule mama akalala usingizi. Siku nne aliangalia hivyo, kisha akafa." Akageuka kwa binamu yangu, akamwita kwa jina la utoto wake, akasema, "Unataka watoto wa tumbo. Huyu alinyonya maziwa ya ndugu yangu wa tumbo. Sasa wewe niambie nimhesabu wapi."

Binamu yangu alitazama mikono yake. Mwishowe akasema, "Shangazi, sikuja kumfukuza mtu." Hakuna aliyemjibu. Sijui kama ilikuwa kweli wakati ule, lakini alipoisema naona ilianza kuwa kweli.

Maneno mengine yalichukua muda mrefu, wala hayana utamu wa kusimuliwa. Nyumba na mwembe ni vya Mjomba mdogo mpaka afe, na baada yake ni vya watoto wake. Kipande cha kando ya barabara kitapangishwa kwa wenye vibanda, na kodi ya miaka miwili ya kwanza itamsaidia binamu yangu katika madeni yake. Wawili walinung'unika kwamba amepewa mno. Yeye mwenyewe alitaka kuondoka kabla ya chakula, akisema basi la alfajiri halimngojei mtu. Mke wa Mjomba alikuwa amekwisha kupakua wali na migebuka. Mama akahesabu sahani, akamwambia, "Kaa. Ipo yako." Akakaa.

Siku iliyofuata tulimimina misalaba mitano. Saruji ilitosha kasoro kidogo, wa mtoto ukawa mwembamba kuliko mingine, lakini umesimama. Ilipoanza kukauka, Mjomba akanipa kopo la rangi na kijiti kilichochongwa, akasema mimi ndiye mwalimu, mkono wangu hautetemeki. Nikaandika wa Bibi kwanza, kisha Babu, kisha mama yake Bibi, kisha mtoto, ambaye alikuwa amebatizwa nyumbani na jina lake Mama alilijua.

Nilipofika kwenye ule niliokuwa nikiufagia utotoni, Mjomba akatoa mfukoni karatasi ambayo Paroko alikuwa amemnakilia kutoka kitabuni. Alikuwa ameikunja mara nne. Akaniambia nisome kwa sauti kabla ya kuandika, nikasoma. Akaniomba nisome tena. Katika miaka yake sitini alikuwa hajapata kulisikia jina hilo, kwa sababu Bibi alikwisha kulisahau, au alilificha, hatujui. Nikaliandika lote, na chini yake, kama alivyotaka, nikaandika "Mdogo wa" na jina la Bibi. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu sikupima nafasi vizuri.

Kisha upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani, tukafunika misalaba kwa majani ya migomba ili mvua isiioshe rangi.